Ujumbe wa Saa Tatu na Nusu

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maneno mawili: "Niko nyumbani." Niliyaandika kwenye simu isiyo yangu, nikayatuma kwa mama asiye wangu, kwa jina la mwanawe, ambaye saa hiyo alikuwa amelala hospitalini na mpira puani na hajui kama ni Jumapili au Jumatatu.

Wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje ile safari ya Glasgow, nami nimekuwa nikijibu "tulifika salama" kisha nakimbilia kukunja nyaya. Hilo si jibu. Naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitapunguza, najijua. Nimeandika mara sita. Hii ya sita naiacha hivi ilivyo.

Kabla ya kuondoka

Kwa wenzetu mlio mbali: Darnell ni Mmarekani Mweusi anayepiga kinanda katika ibada yetu ya pili. Ametoka Macon, jimbo la Georgia, alikuja kusoma, na mimi na yeye tunaishi Balsall Heath juu ya duka la vitambaa. Mimi ndiye Mutua wa mitambo ya sauti. Kazi hiyo sikusomea popote. Nilijifunza kwa video na kwa kuunguza vitu vya watu, ndiyo maana hurudia kusikiliza rekodi ya ibada mpaka nipate mahali nilipokosea. Sijawahi kukosa kupapata.

Kila usiku, popote alipo, Darnell humwandikia mama yake kwamba yuko nyumbani. Mwanzoni nilimcheka. Mwanamume wa miaka ishirini na saba, anaripoti kama mtoto wa bweni. Akanieleza bila kukasirika. Alipokuwa na miaka kumi na sita, akitoka mazoezi ya kwaya, polisi walimsimamisha kwa kuwa alifanana na mtu waliyekuwa wakimtafuta. Alikalishwa ukingoni mwa barabara saa mbili, mikono juu ya magoti, simu yake ikilia mfukoni na yeye haruhusiwi kuigusa. Mama yake alikuwa upande wa pili wa mlio huo. Tangu siku hiyo waliwekeana sharti: ukiingia ndani, sema.

"Lakini huku si kwenu," nilimwambia.

"Mama yangu hajui tofauti," akasema, "na mimi si wa kumfundisha."

Mlimwona Jumapili ile alipoanguka katikati ya wimbo. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imeliwa na vijidudu, naye alikuwa akiita uchovu. Usiku huo nilikuwa nimeshika simu yake pale wodini. Namba ya kuifungua niliijua, maana huwa napigia muziki humo. Ikatetemeka. Mama yake aliuliza: "Umefika?"

Nilimpigia mama yangu. Yeye hulea wazee kwenye nyumba moja huko Hodge Hill, na wagonjwa anawajua.

"Usimwambie kwa simu," mama akasema. "Unataka aanguke huko peke yake? Habari kama hiyo haisemwi kwa simu. Mpe usingizi kwanza."

Mnaijua desturi hiyo, wengi wetu tumelelewa nayo. Mama yangu aliitumia kwangu. Nyanya yangu alipofariki Machakos nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho ya sekondari hapa Birmingham, nikaambiwa ana homa kidogo. Ukweli niliupata baada ya wiki tatu, pamoja na picha za watu wakitupa udongo. Nikasema asante kwa kunifikiria. Kwamba nilikasirika sikuwahi kumwambia.

Na bado niliandika "Niko nyumbani." Ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Jumatatu nikatuma tena, saa tatu na nusu kamili. Jumanne. Jumatano. Nilikuwa nimeweka kengele ili nisichelewe hata dakika.

Alhamisi Darnell akazinduka vizuri. Alikuwa na barakoa ya hewa, anaweza maneno matatu kwa pumzi moja. Aliomba simu, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Uliandika kama mimi."

Nikasema nilitaka kumkinga mama yake.

"Nikisikia sauti yake nitalia," akasema, akipumzika kila baada ya maneno. "Nikilia, mashine zitapiga kelele. Mpigie wewe. Aje. Na umwambie ulichofanya."

Nikampigia. Akaitika, nikamsalimu, na ulimi wangu ukafanya ulichozoea. Nilimwambia Darnell anaumwa kidogo. Kidogo nini? Mguu, nikasema. Mguu. Anaomba uje.

"Nakuja," akasema. Hakuuliza lingine.

Uwanja wa ndege bila ndege

Upasuaji ulipangwa Jumatatu mchana. Bi Loretta, ndilo jina lake, angetua Birmingham Jumapili asubuhi. Nilikuwa na karatasi yenye mambo kumi na manne ya kufanya, la tisa likiwa "mwambie ukweli, ndani ya teksi, kwa utulivu." Nilikuwa nimefanya mazoezi ya jambo la tisa mbele ya kioo.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya jiji kama blanketi lililolowa. Saa moja na nusu ubao ukaonyesha kwamba ndege yake imeelekezwa Glasgow. Simu ikalia.

"Mutua," akasema, "wananiambia hii ni Scotland."

"Usiondoke hapo ulipo," nikamjibu. "Usiende na mtu yeyote mpaka nikwambie."

Nilitaka kwanza nipange. Kuna dada wa kwaya ambaye kaka yake anaishi Glasgow. Nikampigia, hakushika, nikamwandikia, nikasubiri, nikaangalia treni, nikaangalia ndege nyingine, nikaandika mpango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ikapita saa nzima. Nilipompigia Bi Loretta kumpa mpango wa pili, aliniambia kwa upole kwamba watu wote wa ndege yao wamepakiwa kwenye basi la kuja Birmingham.

"Na wewe?"

"Waliniita mara tatu. Niliwaambia rafiki wa mwanangu amesema nisiondoke."

Basi lilikuwa limekwisha kwenda. Yule kaka, tulikuja kujua, alihamia Aberdeen mwaka jana. Ningemjibu vibaya lakini haraka, jioni hiyo angekuwa kando ya kitanda cha mwanawe. Treni za siku hiyo zilikuwa zimefutwa kwa matengenezo ya reli, na nafasi ya ndege iliyopatikana ilikuwa ya Jumatatu jioni.

Nilikaa kwenye sakafu ya uwanja. Nasema hivyo kwa kuwa sitaki kupunguza.

Hodge Hill hadi Carlisle, na samaki

Aliyeniokoa ni Papa Byamungu. Wengi mnamjua, yule Mkongomani wa Bukavu anayesambaza unga wa fufu, sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki wakavu kwenye maduka ya watu wao. Nilipompigia mama, alimkuta akimshushia mzigo jirani na kumweleza. Jumapili hiyohiyo alikuwa anaelekea Glasgow.

"Kijana ingia," akaniambia nilipofika Hodge Hill. "Mbele kuna viti tatu. Moja ya miye, moja ya weye, moja ya mama ya mutu."

Mama akanipa mfuko: chapati kumi na mbili zilizofungwa kwa taulo, ndengu kwenye bakuli, chai kwenye thamosi. "Umekula?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula. Akanitazama, akaniambia, "Mimi nitaenda kukaa na Darnell. Wewe nenda."

Nilifikiri kwenda Glasgow ni kwenda Glasgow. Kumbe kwa Papa Byamungu ni kwenda Stoke, kushusha magunia manne, kusalimia, kukaa, kukataa soda mara mbili na kuikubali mara ya tatu. Kisha Manchester, ambako mwenye duka alikuwa kanisani na ufunguo akaondoka nao. Kisha Preston, ambako kulikuwa na ubishi kuhusu samaki waliokatika vichwa. Kila tuliposimama nilitazama saa. Kila nilipotazama saa yeye alinitazama mimi.

"Papa, tutafika saa ngapi?"

"Tutafika."

"Saa ngapi, lakini?"

"Mi naendesha, weye unaogopa. Kila mutu na kazi yake."

Baada ya Lancaster barabara ilipanda kwenye milima ya kijani yenye kondoo na kuta za mawe. Hapo aliniuliza mwanamke huyu anajua nini. Nikamweleza yote, na zile jumbe nne, na mguu.

Alilipita lori moja, kisha jingine.

"Mguu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Papa."

"Ukimwambia mutu mutoto yake iko na mguu, halafu anakuta ni moyo, ile siku atashindwa kuamini hata jina yako." Akabadilisha gia. "Sisi nasi tulifichaka. Muke yangu alifiwa na dada yake pale kambi ya wakimbizi, mi nikamwambia ameenda Uvira. Miezi mbili. Alipojua, hakulia juu ya dada. Alilia juu yangu."

Nilijifanya kutafuta chaja.

Glasgow

Tulifika uwanjani kama saa moja jioni, bado kuna mwanga. Alikuwa kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, koti la zambarau limefungwa vifungo vyote, na kopo kubwa la bati juu ya mapaja. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Mfanya usafi aliniambia kwamba alikataa hata kuhamia kiti chenye mto, kwa sababu mimi nilisema asiondoke.

Alisimama. "Mutua? U mwembamba kuliko sauti yako."

Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumwomba radhi. Ilikuwa na sehemu tatu. Nikasema, "Habari ya safari?"

"Ndefu," akasema. "Mwanangu anaendeleaje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Vizuri."

Papa Byamungu alikohoa nyuma yangu. Kisha akainama kidogo, akampa mikono miwili. "Mama Darnell, karibu."

Bi Loretta akataka kujua ameitwaje. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke akishazaa hatumwiti kwa jina lake tena, tunamwita kwa jina la mtoto. Mama yangu ni Mama Mutua. Wengi hapa Birmingham hawajui jina lake jingine.

"Mama Darnell," akarudia polepole. Halafu akiwa anapanda gari akauliza, bila kunitazama, "Na mtoto akifa? Mnamwitaje?"

"Jina halibadiliki," nikasema.

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kisha akanusa. "Kuna kitu kimekufa ndani ya gari hili."

"Ni samaki, mama," Papa Byamungu akamjibu kwa Kiingereza chake. "Lakini amekufa zamani. Usiogope."

Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia, na ni kicheko cha Darnell kabisa, kinaanzia puani.

Tulilala kwa shemeji wa Papa. Walitupikia fufu na sombe. Nilihofia Bi Loretta hatakula; alionja sombe, akaacha kijiko, akaonja tena. "Haya ni majani ya mama yangu," akasema. "Kwetu tunatia mfupa wa nguruwe." Nikatafsiri, na mwenye nyumba akasema wao hutia mawese. Wakabishana kwa mikono, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, mpaka sufuria ikaisha. Mimi nilimeza tonge tatu. Saa tatu na nusu, kengele ya simu yangu ikalia. Nilikuwa nimesahau kuifuta. Niliizima haraka. Bi Loretta alikuwa upande wa pili wa meza, akaangalia simu yangu, kisha akaangalia saa ya ukutani, kisha akaendelea kufuta sahani.

Kurudi kusini

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Yeye alikaa katikati, kopo lake mapajani. Lilikuwa na keki ya siagi, aliyoivusha bahari kwa ajili ya Darnell na asiruhusu hata mimi kuibeba.

Nilikuwa nimeamua: nitamwambia tukipita mpaka. Mpaka ukapita. Nikasema tukifika Carlisle. Carlisle ikapita. Tulisimama kituo cha mapumziko milimani, nikafungua chapati za mama, zimekauka kidogo pembeni. Alikula moja akaisifia. Nilijaribu kuanza. Nikamuuliza kama anataka sukari.

Tuliporudi barabarani, Papa Byamungu alikuwa amechoka na mimi.

"Kijana," akasema kwa Kiswahili, macho barabarani, "uko unangoja nini? Utamwambia Darnell iko na moyo mubaya akiwa kwenye mulango ya wodi?"

"Namwambia, Papa. Nataka nimwambie vizuri."

"Hakuna vizuri. Kuna sasa. Darnell si yako. Ile moyo si yako. Unabebaka kitu ya mutu kwa nini?"

"Nikikosea neno je? Yuko safarini, hana dada, hana—"

"Jina la mwanangu," Bi Loretta akasema kwa Kiingereza, "limetajwa mara mbili. Na wewe, kijana, umeanza kutetemeka. Simamisheni gari au semeni."

Huwezi kusimamisha gari kwenye barabara kuu. Kwa hiyo nikasema. Nilisema bila mpangilio wowote, mambo ya mwisho yakitangulia: kwamba atapasuliwa leo, kwamba si mguu, kwamba ni moyo, kwamba alianguka kanisani siku nane zilizopita na siku nne hakujua yuko wapi. Kisha nikasema kwamba jumbe za "Niko nyumbani," zote nne, niliziandika mimi.

Alishika kopo kwa mikono miwili. Nje kulikuwa na kondoo na mvua nyepesi. Nilihesabu mapigo ya vifuta-kioo: kumi na saba.

"Zile jumbe nilijua," akasema.

Sikuelewa.

"Mwanangu hajawahi kufika kwa wakati tangu azaliwe. Alichelewa hata kuzaliwa. Ataandika saa mbili, ataandika saa tano, siku nyingine ataandika akiwa ameshalala, mara moja aliandika asubuhi akiomba msamaha. Halafu Jumapili, saa tatu na nusu. Jumatatu, saa tatu na nusu kamili. Jumanne nilikaa na simu mkononi nikaangalia dakika igeuke. Ikageuka, nao ujumbe ukaingia." Akanigeukia. "Nani anayeandika kwa mama yake kama treni?"

Papa Byamungu alielewa nusu, akacheka, akajizuia.

"Kama ulijua," nikasema, "kwa nini hukupiga?"

"Nilipiga. Jumatatu. Haikupokewa."

Ilikuwa kweli. Niliiona ikilia na nikaigeuza kifudifudi.

"Nikawaza," akasema. "Niliwaza mengi, hutaki kuyajua. Mwisho nikajiambia, mtu anayejisumbua kunidanganya kila usiku dakika ileile hajamwacha mwanangu peke yake. Nikalishika hilo. Sikuwa na kingine." Akalisogeza kopo mapajani. "Lakini usiniombe nikushukuru. Ulinichukulia siku nne. Kama angekufa Jumanne, ungeniandikia saa tatu na nusu kwamba yuko nyumbani."

Ndiyo, ningeandika.

"Na nilipokuuliza jana anaendeleaje?"

"Nilisema vizuri."

"Ulisema vizuri." Akafungua kifungo cha juu cha koti. "Nilipanda ndege nikiomba kitu kimoja tu, nikute kitanda, nisikute jeneza. Jana nilipokuuliza kuhusu majina nilikuwa nauliza hilo. Ungeweza kunijibu hilo."

Nilikuwa nimesikia swali kuhusu desturi, nikajibu kuhusu desturi.

Baada ya hapo aliniuliza maswali, moja baada ya jingine, nami nikayajibu. Vali ipi. Daktari ni nani, ana umri gani. Anakula nini. Nani anamnyoa. Yale nisiyoyajua nilisema sijui. Ni maneno magumu kwangu, hayo. Nilipoyasema mara ya tano yalikuwa yamelainika.

Msongamano karibu na Stafford

Saa nne na dakika arobaini magari yote mbele yetu yalisimama. Lori lilikuwa limepinduka. Simu yangu ikalia: mama yangu, kutoka wodini.

"Mutua, wamembadilishia muda. Wanakuja kumchukua sasa. Mko wapi?"

Niliangalia dirishani. Tulikuwa nyuma ya lori la mbao. Neno "karibu" lilinijia mdomoni, mnalijua lile karibu letu.

"Mbali," nikasema. "Hatutawahi."

Mama hakuzoea jibu la namna hiyo kutoka kwangu. "Basi mpe mama yake simu."

Niliweka sauti ya nje. Tulisikia magurudumu, mtu akiongea, kisha pumzi ya Darnell.

"Mtoto wangu," Bi Loretta akasema.

"Naam, mama." Ndivyo ninavyoweza kuliweka kwa Kiswahili, kwao ni neno la heshima ambalo mwanamume mzima humwambia mama yake na halimpunguzii kitu.

"Umekula?"

"Hawaniruhusu, mama."

"Vizuri. Nani yuko nawe?"

"Mama Mutua. Amenishika mkono. Ananibana."

"Mwache akubane. Niko barabarani, nyuma ya mbao. Nimekuletea keki."

"Naam, mama." Alianza kulia, na mashine hazikupiga kelele, au kama zilipiga hatukusikia. "Mama, nikitoka nitakuandikia."

"Utachelewa," akasema.

"Naam, mama. Nitachelewa."

Kisha ikawa sauti ya mama yangu, kwa Kiingereza chake cha kazini. "Mama Darnell, nimesimama mlangoni. Wameingia naye. Sitaondoka hapa mpaka ufike."

"Asante, Mama Mutua," Bi Loretta akasema, kana kwamba wamejuana miaka.

Papa Byamungu alitoa kitambaa chake cha kufutia vioo, akampa. Akakitumia. Kilinuka samaki.

Wodini

Tulifika dakika ishirini baada ya saa sita. Mama alikuwa kwenye ukumbi, sare yake ya kazi bado mwilini, amesimama palepale aliposema. Hawa wanawake wawili hawakusalimiana. Walishikana tu, kopo la keki katikati yao.

Tukangoja saa tano na nusu. Papa Byamungu alienda kushusha magunia yaliyobaki na akarudi. Katika kungoja huko Bi Loretta alimweleza mama yangu yote niliyofanya, neno kwa neno, bila kupamba na bila kunihurumia.

"Ni mimi niliyemfundisha," mama akasema.

Nikaona hapo ndipo pa kusemea. Sikuwa nimejiandaa. "Mama," nikasema kwa Kiswahili, "wakati wa nyanya. Nilikasirika."

"Najua."

"Ulijuaje? Nilisema asante."

"Ulisema asante kwa adabu mno." Alikuwa anakunja na kukunjua taulo la chapati. "Mtoto aliyefiwa hazungumzi hivyo. Niliogopa kukuuliza."

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni daktari alipotoka na kusema vali mpya imekaa na moyo umeanza tena kudunda wenyewe. Bi Loretta alimuuliza arudie. Akarudia.

Usiku huo haukuja ujumbe wowote, na hakuna aliyeuandika. Jumanne ikapita hivyohivyo. Jumatano mchana tulikuwa wodini, Darnell ameegemezwa mito, mama yake kwenye kiti kando yake, magoti yake yamegusa godoro. Alikuwa anamkatia keki ambayo bado alikuwa hajaruhusiwa kuila. Darnell aliniashiria nimpe simu. Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayetafuta noti asiyoikumbuka. Ndani ya mkoba wa Bi Loretta kitu kikalia. Aliweka kisu, akatoa miwani, akatoa simu, akasoma.

"Niko nyumbani."

Alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Aliirudisha simu mkobani, akafunga zipu, akaendelea kukata keki.

Tangu hapo

Darnell amerudi Balsall Heath na anapiga kinanda ibada moja tu kwa mwezi. Bi Loretta alikaa wiki sita, akaondoka na kilo mbili za sombe kavu. Mimi sijaacha kuogopa. Hata sasa naogopa kwamba nimewaandikia kwa urefu mno. Lakini nikiulizwa mtu anaendeleaje, nasema anavyoendelea. Jumanne iliyopita mama alinipigia, hakuuliza kama nimekula. Alisema, "Mjomba wako amelazwa Machakos. Ni figo, na si kidogo." Nikakaa chini, tukaongea.

Na kila usiku natuma jumbe mbili, mmoja Hodge Hill na mmoja Macon, kwamba niko nyumbani. Kengele niliifuta. Natuma nikishaingia.